Trekta la Mjomba

Mpatanishi alipofika kwenye trekta, Nyamizi alijua mambo yameharibika.

Mpaka hapo alikuwa akisikiliza kwa nusu sikio, amekaa benchi la nyuma katika ukumbi wa kata ya Mwabuki, anamumunya ubuyu na kutikisa mguu. Mbele alikaa dada yake Kalunde, mgongo umenyooka kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Viti viwili kando yake, shemeji Masanja alikuwa akizungusha kofia mikononi. Shauri lao lilikuwa fupi. Kalunde aliitwa kazi ya ufundi kwenye mitambo ya kuvuna umande kule Bonde la Ufa, miezi kumi na minane. Masanja akasema hapana. Walizungumza, wakanuniana, wakazungumza tena, na mwisho wakakubaliana jambo moja tu, kwamba waende kwa Mpatanishi na atakalosema ndilo.

Mpatanishi lilikuwa kabati la kijani lililojengewa ukutani, na ndani yake mlikuwa na sauti ya mtu mzima ambayo huwezi kusema ni ya kike au ya kiume.

"Nimewauliza watoto wa kata," ilisema sauti. "Kati ya mia mbili na kumi na wawili, mia mbili na sita wanasema kwamba mume na mke wakishindwa kuelewana, neno la mwisho ni la mume. Sababu yao ni moja. Wanasema ni kwa sababu trekta la mjomba lina usukani mmoja na linafika shambani."

Ukumbi uliguna kwa kuridhika. Mzee mmoja alimgeukia mwenzake akasema watoto wa siku hizi wana akili kweli.

Nyamizi aliutema ubuyu kiganjani.

"Huo ni uamuzi wa awali," Mpatanishi aliendelea. "Mume amesema hapana, kwa hiyo mke hatakwenda. Mwenye jambo jipya alilete kabla ya saa tisa alasiri. Nikishafunga, hakuna rufaa."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro. Ikifika saa tisa, hukumu ingeingia kwenye kitambulisho cha Kalunde, na hakuna mwajiri wa mbali ambaye angempokea tena. Kalunde hakulia. Alikunja mikono mapajani, akaitazama kama vile ni ya mtu mwingine, na hilo ndilo lililomuuma mdogo wake kuliko kilio.

*

Mashauri ya ndoa yalikuwa yameondolewa kwenye mabaraza ya wazee miaka tisa iliyopita. Wazee wa kiume walilaumiwa kwamba wanawabeba wanaume wenzao. Walipowekwa akina mama, nao wakalaumiwa kuwabeba mashoga zao. Ikaletwa mashine ya kwanza, ikafundishwa kwa hukumu za zamani, nayo ikatoa hukumu zilezile za zamani ila kwa haraka zaidi. Ndipo wataalamu wa makao makuu wakaja na hoja yao. Waulizwe watoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minne, ambao wameshaona ndoa za wazazi wao kwa macho yao lakini wao wenyewe hawajaoa wala kuolewa, hivyo hawana cha kutetea. Kila kata ifundishe Mpatanishi wake kwa majibu ya watoto wake.

Hoja ilikuwa nzuri. Kasoro ni kwamba walioitunga walikuwa wamesahau darasa likoje.

Nyamizi hakuwa amesahau. Mwaka jana, akiwa kidato cha kwanza, walikuja wageni wawili na masanduku ya vishikwambi. Mwalimu Lusinde alisimama mbele akasema, "Huu si mtihani. Hakuna jibu sahihi wala kosa. Kila mtu aandike anachofikiri."

Darasa zima likaingiwa na hofu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa aandike anachofikiri na mwalimu ambaye baadaye hakutoa kalamu nyekundu. Macho yote yakamgeukia Nyamizi, kwa sababu Nyamizi ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani tangu darasa la nne, na katika shule ile mtu wa kwanza alikuwa mali ya umma. Ukiwa na majibu unayatoa. Ukiyaficha, chakula cha mchana utakula peke yako mpaka muhula uishe.

Swali la kumi na nne lilikuwa la neno la mwisho. Nyamizi alilitazama kwa muda mrefu. Wiki mbili nyuma, kwenye jaribio la Uraia, aliulizwa kiongozi wa familia ni nani, akajibu "inategemea." Mwalimu Lusinde alilikata jibu hilo kwa mstari mnene na kuandika pembeni BABA, herufi kubwa zote nne. Nyamizi hakuwa mtoto wa kukosea swali moja mara mbili. Akaandika mume. Chini yake kulikuwa na mistari mitatu ya kueleza sababu, na mistari mitupu humtisha mwanafunzi bora kuliko nyoka, basi akaijaza kwa kitu cha kwanza kilichomjia, trekta la mjomba Shija. Trekta lenyewe lilikuwa likikwama njiani kila mara, lakini hilo hakuliandika.

Kisha akanakili jibu lake kwenye kikaratasi, akakipitisha nyuma. Kilizunguka mkondo wa A, kikatokea dirishani, kikaingia mkondo wa B. Wanafunzi sita hawakukiona, wale waliokaa miguuni pa wageni. Mia mbili na watano waliobaki waliangalizia neno kwa neno, pamoja na mjomba wake.

*

Kalunde alikuwa amekaa peke yake nyuma ya ukumbi, kwenye ngazi ya tangi la maji. Nyamizi alimweleza yote bila kupumua, akiyakanyaga maneno, huku akingoja kofi ambalo hakuwahi kupigwa na dada yake.

"Trekta la mjomba Shija?" Kalunde aliuliza.

"Ndiyo, dada."

"Lile la kusukumwa?"

Kalunde alicheka, kicheko kikavunjika katikati akafuta macho kwa upande wa khanga. Nyamizi aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Nikienda kusema sasa hivi, itabidi wasimamishe."

"Na mtihani wako wa taifa? Si mwezi wa kumi na moja? Mtu aliyeandikwa udanganyifu, hata kwenye maswali ya Mpatanishi, anafutwa."

"Narudia mwaka."

"Unajua wewe maana ya kurudia mwaka, au unasema tu?" Kalunde alimtazama sana. "Sikwambii nenda, Nyamizi. Wala sikwambii usiende. Wiki tatu hizi nimeambiwa la kufanya na kila mwenye mdomo. Sitaki na mimi nikufanyie hivyo."

Ilikuwa afadhali angemwamuru. Nyamizi aliinuka akaondoka.

Uwanjani, chini ya kivuli cha sahani za umeme wa jua, Mihayo alikuwa akijaza upepo baiskeli yake, na Kabula amekaa juu ya kreti akimpa maneno. Wote wawili walikuwa darasani kwake. Mihayo ndiye aliyekipitisha kikaratasi dirishani. Isitoshe, tangu muhula uanze, watu walikuwa wamewatania yeye na Nyamizi mpaka wenyewe wakaanza kuamini. Walikuwa wakirudi nyumbani pamoja, na Mihayo ndiye aliyekuwa akichagua njia.

Nyamizi aliwaeleza. Pampu ya baiskeli ilinyamaza.

"Tutafutwa," Mihayo alisema. "Wewe, mimi, sijui nani na nani. Baba ataniua."

"Dada yangu atakosa kazi kwa sababu ya trekta, Mihayo."

"Shemeji yako si mtu mbaya. Watayamaliza wenyewe. Usiende."

"Nauliza tu unavyofikiri..."

"Nimesema usiende, Nyamizi. Basi."

Kabula aliwatazama wote wawili kwa zamu.

"Kumbe na wewe unalo trekta," Nyamizi alisema.

Uso wa Mihayo ulionyesha kwamba lile "basi" limemtoka kwa sauti ya mtu mwingine, na kwamba mtu huyo anamfahamu vizuri. Aliinama akashika tairi lililokuwa limeshajaa.

"Nyumbani ni hivyohivyo," alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Baba akisema basi, ni basi. Mama anaitikia ndiyo, halafu akigeuka anafanya lake. Mimi nawaona wote wawili. Nasikia vibaya kwa ajili ya mama, na kwa ajili ya baba pia, maana hajui kwamba hasikilizwi."

"Sasa mbona uliangalizia?"

"Si ulikuwa mtihani!"

"Mimi sikuangalizia," Kabula alidakia. "Yaani sababu niliangalizia, lakini jibu ni langu. Mwanaume aamue. Mambo yakiharibika, alaumiwe yeye. Mimi nani kaniambia nataka kulaumiwa?"

Nyamizi alimtazama rafiki yake kwa mshtuko wa kweli. Walilala kitanda kimoja likizo nzima, wakazungumza kila kitu chini ya jua, na hilo hakuwahi kulijua. Kwa mara ya kwanza ilimjia kwamba huenda wale mia mbili na watano hawakuficha chochote nyuma ya jibu lake. Huenda waliliona, wakaona linawatosha. Hofu hiyo ilikuwa mbaya kuliko ya kufutwa mtihani.

Ilikuwa saa saba na nusu. Aliwaacha pale akaenda.

*

Fundi wa Mpatanishi aliitwa Tumpale, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyetoka Mbeya na hakuwa amekaa Mwabuki hata mwaka. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo nyuma ya kabati la kijani, chenye joto la mashine na harufu ya chai ya tangawizi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Nyamizi hakuketi. Alisema akiwa amesimama, kama anavyojibu swali darasani. Alipomaliza, Fundi Tumpale alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Sisi tulidhani ni msemo wa wenyeji," alisema taratibu. "Mia mbili na sita, neno kwa neno! Kule makao makuu tulifurahi kupita kiasi. Kuna mtu ameuandikia ripoti nzima."

"Mwabuki ina matrekta manne tu, fundi."

"Nikuulize, kwa nini hakuna aliyetuambia?"

"Hamkuuliza. Mlisema hakuna jibu la kosa."

Fundi alicheka bila furaha. Kisha akavuta kiti akakaa ana kwa ana naye, na sauti yake ikawa ya kikazi. Mashine haipokei uvumi, alimweleza, inapokea jina na kidole. Nyamizi akiweka kidole, majibu yote mia mbili na sita yatatupwa, na taarifa yenye jina lake itakwenda yenyewe baraza la mitihani bila mtu yeyote kuweza kuizuia. Mashine itachagua kwa kura watoto thelathini kati ya walewale, waitwe kwa king'ora cha shule, waingie kwenye kibanda cha faragha mmoja mmoja, wajibu swali hilo peke yao. Watakalosema litadumu Mwabuki kwa miaka kumi.

"Kwa mashauri yote?"

"Yote ya aina hii. Dada yako, na kila mwanamke na mwanaume atakayekuja baada yake. Labda na wewe mwenyewe, ukiolewa hapa."

"Na wakijibu vilevile?"

Fundi Tumpale hakukwepa swali. "Basi safari hii itakuwa kweli," alisema. "Sasa hivi dada yako ameonewa kwa makosa. Baada ya hapo ataonewa kwa haki, na hakuna mlango wa kurudia. Ndiyo maana sikuharakishi. Ila saa haikungoji."

Nyamizi alikiangalia kibao cha kioo kilichongoja kidole. Hesabu zikampitia kichwani bila kukoma. Kabula angesema mume. Wavulana wa benchi la nyuma wangesema mume kwa kelele, halafu mle kibandani, bila wa kuwasikia, nani ajuaye. Alikuwa amewapa majibu kwa miaka mitano na hakujua hata mmoja wao anafikiri nini. Alitamani mno kukipitisha kikaratasi kingine, chenye jibu zuri zaidi safari hii. Kingefika. Wangekinakili wote, dada yake angepanda basi, na hakuna ambaye angejua. Aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi.

Aliweka kidole.

King'ora kililia, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingizwa kibandani, maana aliyekiri hujibu kwanza. Mle mlikuwa na kiti, giza jepesi, na swali la kumi na nne. Mume na mke wakishindwa kuelewana, nani awe na neno la mwisho? Mistari mitatu mitupu.

Akaandika: Inategemea. Akasita, akimwona Mwalimu Lusinde na mstari wake mnene. Kisha akaendelea kuandika kwamba inategemea jambo lenyewe litamwangukia nani, na kwamba mwenzake asikilizwe mpaka amalize, na kwamba yeye bado hajui vizuri. Mistari ikajaa. Hakujua kama ni jibu sahihi.

*

Walikuja wakikimbia, wengine na jezi za mpira, wengine na mikono yenye unga wa mahindi. Waliotajwa walijipanga ukutani chini ya macho ya watu wazima, na kila mmoja alimtupia Nyamizi jicho la kuuliza, jicho lilelile la siku zote. Tupe. Alitazama chini. Alishika mikono yake nyuma ili isiguse hata pua, mtu asije akadhani ni ishara.

Kabula aliingia akakaa humo muda mrefu kuliko wote. Alipotoka alimpita Nyamizi akaenda moja kwa moja nje.

Mihayo, aliyetajwa wa ishirini na saba, hakuelekea kibandani. Alikwenda kwanza mezani kwa Fundi Tumpale, akavua kofia.

"Kikaratasi hakikutoka A kwenda B chenyewe," alisema, kwa sauti iliyopanda na kushuka kama inavyofanya ya wavulana wa umri wake. "Nilikipitisha mimi." Akaweka kidole kabla hajaulizwa. Ndipo akaingia.

Saa tisa kasoro dakika nne ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Masanja alikuwa ameacha kuizungusha kofia. Nyamizi alisimama nyuma ya kiti cha dada yake, akaishika mbao ya kiti.

"Watoto thelathini wamejibu," alisema Mpatanishi. "Kumi na mmoja wanasema mume. Wanne wanasema mke. Tisa wanasema asiwepo mwenye neno la mwisho. Watano wanasema inategemea, na kila mmoja ametaja kitu chake. Mmoja hakujibu swali."

Watu walianza kuhesabu kwa vidole.

"Sina mahali pa kusimama," ilisema mashine. "Kwa shauri hili na yanayofanana nalo, kata ya Mwabuki haina neno la mwisho la kumpa mtu. Shauri linarudi kwa wenyewe. Kitambulisho cha mke kibaki wazi. Nimefunga."

Ukumbi ulilipuka. Yule mzee aliyesifu akili za watoto alipiga kelele kwamba huu ni upuuzi, watu wamekuja kutafuta jibu wanapewa swali. Lakini Nyamizi hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akimtazama shemeji yake, aliyebaki amekaa na mdomo wazi, kama mtu aliyeegemea ukuta na ukuta ukaondolewa.

"Basi hakuna wa kutusemea," Masanja alisema.

"Hakuna," Kalunde alijibu.

"Mimi..." Alikohoa. "Mimi naogopa utazoea kukaa bila mimi, Kalunde. Kila niliposema hapana, nilikuwa nasema hilo tu."

"Wiki tatu, Masanja! Wiki tatu umeniambia habari ya paa na habari ya mama yako. Hilo hukuwahi kulisema hata siku moja."

"Nilidhani halihitajiki. Nilikuwa na hapana."

Kalunde alihama kiti kimoja, akakaa jirani naye. "Nitakwenda," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira tena. "Ila nisingependa niondoke kama mtu anayetoroka. Nataka unisindikize."

Masanja aliiweka kofia yake gotini. Watu walianza kutoka, viti vikigongana.

"Hilo basi," aliuliza, "linaondoka saa ngapi?"

Nyamizi alitoka nje kabla hajalia mbele za watu. Alilia nyuma ya tangi la maji, kwa nafuu na kwa uchungu pamoja, maana mwezi wa kumi na moja wenzake wangeingia kwenye chumba cha mtihani na yeye angewaona kupitia dirishani. Alipojifuta, Mihayo alikuwa amesimama pale na baiskeli yake.

"Tutarudia mwaka pamoja," alisema Mihayo.

"Baba yako?"

"Amenitazama tu. Nadhani anatafuta la kusema." Akageuza usukani huku na huku. "Twende? Njia ya kisimani au ya shuleni? Sema wewe."

"Sema na wewe."

Walisimama hapo kama wajinga, hakuna anayetaja njia, mpaka wote wawili wakaanza kucheka. Ndipo Nyamizi alipokumbuka.

"Kuna mmoja hakujibu swali," alisema. "Ni wewe, sivyo? Uliandika nini?"

Mihayo alikuna kichwa, akatazama kando.

"Niliandika kwamba mimi sina mjomba mwenye trekta."